Makisio ya Sabaki

Ubao wa kupimia kina ulichukuliwa na kina chenyewe
usiku wa Jumanne, baina ya saa saba na adhana.
Miaka kumi na mmoja nimeusoma, asubuhi na jioni,
nikaandika daftarini: mita moja nukta mbili,
mita moja nukta mbili, mita moja nukta tatu,
hata mkono ukajifunza kusinzia.
Usiku wa namba niliyoajiriwa kuingojea
sikuwa na pa kuisoma.

Ofisi ikamtuma Mbeyu, binti wa Kichonyi,
na futi ya kamba ya mita hamsini
na kikokotoo kilichofungwa mpira wa baiskeli.
“Mto umepita,” akasema, “lakini haujui kufuta nyayo.
Tutafute alama.”

Tukatafuta.
Nyasi zilizonasa kwenye panda ya mkilifi, juu ya kichwa changu.
Mfuko wa unga. Kandambili moja, ya kushoto.
Na nyumbani kwa Nyevu, chini ya daraja,
mstari wa tope ukutani, kuta zote nne,
umenyooka kuliko fundi yeyote wa Gongoni angeupiga.

“Hapa ndipo maji yalipofika?”
“Hapo ndipo yalipolala,” akajibu Nyevu.
“Yalipofika ni hapa.” Akagusa rafu ya vyombo.
“Mimi nilikuwa juu ya bati. Kulipokucha
nikamkuta kuku kasimama hapa, tope hadi mapajani.”

Mbeyu hakucheka. Akapima, akaandika:
*ushahidi wa kuku, sentimita kumi na nane zaidi.*

Kisha tukashuka ukingoni, maji yakiwa yamepungua,
mekundu bado kwa udongo wa watu wa bara.
Nikatupa makumbi ya nazi, moja moja,
naye akihesabu sekunde hadi nguzo ya tatu.
Kumbi la nne lilinasa. La tano liliingia kizingiani,
likazunguka, likarudi kunitazama.
“Juu maji yana haraka,” alinieleza, “chini yanajikokota.
Mbio tunazoziona tunazipunguza kidogo,
tusidanganywe na uso.”
Nikawafikiria watu wawili watatu ninaowajua.

Kila kinachoukwaruza mto kina namba yake:
mchanga una yake, matete yana yake.
Migomba yangu, iliyolala yote kifudifudi,
ilipewa nukta sifuri saba, kwa kuyachelewesha maji.
Niliona fahari. Kidogo tu.

Akakokotoa akiwa amekaa juu ya ndoo.
“Mita za ujazo elfu mbili na mia sita kwa sekunde.
Robo nzima inaweza kuwa kosa.”
Nikajaribu kuziona:
madarasa kumi na saba yaliyojaa maji hadi bati,
madawati, ubao na chaki,
yakipita kati ya nguzo za daraja
kabla sijamaliza kusema *moja*.

“Mafuriko ya mara moja kwa miaka hamsini,” akasema Mbeyu.

Nyevu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga.
“Hamsini yako ina miezi mingapi, mwanangu?
Mimi nina arobaini na minne, na haya ni ya tatu.”

Kalamu ilifungwa. Ikafunguliwa.
Mbeyu akaikata hamsini kwa mstari mmoja,
akaandika *kumi na tano*,
akaongeza alama ya kuuliza, kubwa,
akaniangalia kama kwamba mimi ndiye mwalimu.

Jioni tulipigilia ubao mpya, rangi inanuka bado.
Mita moja nukta nne.
Nikausoma tena, kwa sauti, hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa Nyevu alipaka chokaa nyumba nzima.
Alipoufikia ule mstari, pembeni mwa mlango,
brashi ilisita. Akaacha upana wa kidole,
akaruka, akaendelea juu.